Nyumba ya Mzee McSorley

Nyumba namba 15 ya Mtaa wa Saba Mashariki, jijini New York, haina taa za kumvutia mpita njia. Ukisukuma mlango unakanyaga maranda, yametandazwa sakafuni ili yanyonye bia inayomwagika na matope ya viatu. Kuta zimejaa picha, kurasa za magazeti ya zamani na kumbukumbu za watu waliokwisha kufa, mpaka huoni pa kupigilia msumari mwingine. Karibu nawe kuna jiko la makaa ya mawe, na wakati wa baridi wazee hugombea viti vilivyo karibu nalo. Cha kunywa ni bia ya nyumba, nyeupe au nyeusi, na huwezi kuletewa glasi moja: ukiagiza, zinatua mbili kwa pamoja mezani, ndogo, zimefurika povu. Mwenye njaa huagiza sahani ya jibini, ambayo huja na biskuti za chumvi, kitunguu kibichi kilichokatwa na haradali kali ya kutoa machozi.

Hii ndiyo McSorley's Old Ale House, ambayo kwa hesabu yake yenyewe ilitimiza miaka 170 mwaka 2024. Katika mji unaobomoa na kujenga upya kila kizazi, umri huo ni jambo la kushangaza. Watu husema imedumu kwa sababu ya bia yake, au kwa sababu ya mahali ilipo. Mimi naamini imedumu kwa sababu ya ahadi. Kila aliyeirithi aliahidi jambo kwa aliyemtangulia, na wahenga walishasema ahadi ni deni. Deni hilo lililipwa kwa uaminifu wa ajabu, hata pale ambapo lilikuwa linamuumiza mtu mwingine asiyehusika.

Mwanzilishi ni John McSorley, mzaliwa wa Tyrone nchini Ireland, aliyefika New York mwaka 1851. Ireland ilikuwa imetoka kwenye njaa kuu iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi, na watu wake walikuwa wakivuka bahari kwa mamia ya maelfu. John alifungua kilabu cha bia akakiita The Old House at Home, yaani aliwapa wahamiaji wenzake nyumba ya kule walikotoka. Wateja wake walikuwa watu wa kazi za mikono: maseremala, waashi, wachinjaji, watengenezaji wa ngozi, waendesha mikokoteni ya farasi.

Ubao wa baa unasema haya yalianza mwaka 1854. Watafiti waliopekua kumbukumbu za mji wamekuta kwamba hadi mwaka 1861 kiwanja hicho kilikuwa kitupu. Tarehe hiyo inagusa pia simulizi nyingine inayopendwa sana pale ndani, kwamba Abraham Lincoln aliingia kunywa bia baada ya hotuba yake maarufu ya tarehe 27 Februari 1860 katika jumba la Cooper Union, ambalo liko hatua chache kutoka hapo. Kama nyumba haikuwapo, Lincoln hakuingia. Baa yenyewe haijabadili ubao wake, na mimi sioni kwamba hadhi yake inapungua hata miaka saba ikitolewa. Mgeni anayestahili kukumbukwa zaidi ni Peter Cooper, tajiri mwenye viwanda aliyeanzisha taasisi hiyo ya Cooper Union ili watoto wa mafundi wasome. Yeye alikuwa na kiti chake maalumu kwa Mzee John, akakaa na mafundi wenyewe.

Mzee John alikuwa na kanuni zake. Bia iwe nzuri. Vitunguu viwe vibichi. Anayetaka kukaa awe na adabu, la sivyo atoke. Pombe kali haikuuzwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijaribiwa kwa muda mfupi ikaachwa. Na mwanamke asikanyage. Aliamini kwamba mwanamume hawezi kunywa kwa utulivu mbele ya wanawake, na imani hiyo akaigeuza sheria ya nyumba. Aliyevumiliwa ni mama mmoja muuza karanga, aliyekuwa akipita baa hadi baa na bidhaa yake. Mwaka 1888 John alilinunua jengo lenyewe, akaishi ghorofani na familia yake. Upepo uliangusha kibao cha zamani mwaka 1908, na kipya kikaja na jina la ukoo. Miaka miwili baadaye akafariki dunia juu ya baa yake mwenyewe.

Mwanawe, Bill, ndiye aliyeifanya baa kuwa kumbukumbu. Hakutaka kitu chochote cha baba yake kiguswe. Picha iliyotundikwa na mzee ilibaki pale pale, vumbi juu ya vumbi. Alikuwa mtu mkimya na mzito wa kutoa fedha, lakini hakuwa na tamaa: wateja wakizidi alinung'unika kwamba biashara imekuwa kubwa mno. Alichopenda ni paka. Kuna wakati alifuga 18, wakizurura ndani ya baa na kulishwa maini ya ng'ombe kwa mkono wake. Mashine ya kuhesabia fedha haikuwapo. Sarafu zilitupwa katika bakuli za supu, kila aina na bakuli lake, na noti zikakaa katika kisanduku cha mbao.

Wasanii walikuja kwa sababu ya mwanga wa pale, ule wa taa zinazopambana na moshi. Mchoraji John Sloan aliichora baa hiyo mara kadhaa kuanzia mwaka 1912. Picha yake moja, yenye wanaume wachache wamesimama kaunta na mhudumu kavaa nguo nyeupe, leo imo katika jumba la sanaa la Detroit. Ukiitazama kisha ukaingia McSorley's unaitambua kaunta ile ile.

Halafu ikaja marufuku. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 sheria za Marekani zilikataza kutengeneza na kuuza vileo nchi nzima. Baa nyingi zilifungwa, nyingine zikaingia mafichoni na walinzi mlangoni. Bill hakujificha. Aliendelea kufungua mlango ule ule wa mbele na kuuza kilichoitwa bia isiyo na kilevi, huku bia ya kweli ikipikwa kwenye chumba cha chini. Wanasiasa na maofisa wa polisi walikuwa miongoni mwa wateja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sana. Sheria ilipoondolewa, McSorley's haikuwa na haja ya kufunguliwa upya.

Bill hakuwa na mrithi. Mwaka 1936, akiwa amechoka, aliiuza kwa Daniel O'Connell, askari polisi mstaafu na mteja wake wa miaka mingi, kwa makubaliano kwamba hakuna kitakachobadilishwa. Bill akafa mwaka 1938. Mwaka uliofuata O'Connell naye akafa, na baa ikaangukia mikononi mwa binti yake, Dorothy.

Bibi Dorothy O'Connell Kirwan ndiye anayenigusa kuliko wote katika historia hii. Alimiliki baa ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia. Baba yake alimwachia ahadi: McSorley's ibaki ya wanaume. Akaishika. Uendeshaji aliukabidhi kwa mumewe, Harry Kirwan, na yeye akawa anapita siku za Jumapili tu, baada ya milango kufungwa na wateja kuondoka. Ndivyo alivyofanya kwa zaidi ya miaka 30. Leseni na hesabu zilikuwa chini yake, na watu walikunywa kwa jina lake. Mwandishi Joseph Mitchell alipochapisha makala yake kuhusu baa hiyo katika jarida la The New Yorker mwaka 1940, sifa zake zilienea nchi nzima, na watu wakafunga safari kuja kuiona. Mwenye nyumba aliendelea kusubiri Jumapili jioni.

Ni rahisi kumhukumu leo. Mimi namheshimu kwa ahadi aliyoibeba mwenyewe, kwa gharama yake mwenyewe. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na upande mwingine, kwa sababu iliwanyima haki watu ambao hawakuwapo ilipotolewa. Baba anaweza kumwomba binti yake asiingie baa. Hawezi kuahidi kwa niaba ya wanawake wote wa New York.

Januari 1969 wanawake wawili kutoka mji wa Syracuse, wakili Faith Seidenberg na mwenzake Karen DeCrow, wote wa shirika la kitaifa la kutetea haki za wanawake, waliingia McSorley's wakaomba bia. Wakakataliwa. Kesi ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho, na tarehe 25 Juni 1970 Jaji Walter Mansfield akatoa hukumu upande wao. Hoja yake ilisimama juu ya leseni. Baa si sebule ya mtu. Inauza pombe kwa kibali cha serikali ya jimbo, inakaguliwa na serikali hiyo, na inaweza kufungwa nayo. Basi serikali inapotoa kibali kwa biashara inayobagua, nayo imeshiriki kubagua, na Katiba ya Marekani inawahakikishia raia wote ulinzi sawa wa sheria. Alipima pia utetezi kwamba baa si mahali pa kumfaa mwanamke, akaona haubebi uzito wa kumnyima haki.

Tarehe 10 Agosti mwaka huohuo Meya John Lindsay alitia saini sheria ya jiji iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika mahali pa umma, baa zikiwemo. Siku hiyo haikuwa tulivu. Lucy Komisar, kiongozi katika shirika lile lile la haki za wanawake, alipoingia alimwagiwa bia na mteja mmoja. Hilo lazima lisemwe katika kumbukumbu yoyote ya baa hii, tena bila kulipunguza.

Wenye nyumba walitaka mwanamke wa kwanza kuhudumiwa awe Bibi Dorothy. Akakataa. Alikuwa amemwahidi baba yake, na sheria ya jiji haikumlazimisha yeye binafsi kunywa. Heshima hiyo ikaenda kwa Barbara Shaum, fundi wa ngozi aliyekuwa na duka jirani. Choo cha wanawake hata hivyo hakikujengwa hadi mwaka 1986. Kwa miaka 16 wanawake na wanaume walitumia kimoja. Haki ya kuingia ilipatikana kwa hukumu moja. Haki ya kukaa kwa starehe iliwachukua mafundi bomba muda mrefu kidogo.

Mmiliki aliyefuata aliletwa na ahadi pia, safari hii ya njiani. Mwaka 1964 gari la Harry Kirwan liliharibika akiwa matembezini Ireland. Kijana wa Kilkenny, Matthew Maher, akampa lifti. Kirwan akamwambia kwamba akifika New York atamkuta kazi inamsubiri. Maher akafika, na kazi akaikuta. Alianza kama mhudumu, akawa meneja, na mwaka 1977 akainunua baa kutoka kwa Danny, mtoto wa Harry na Dorothy. Aliishi nayo mpaka alipofariki Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 80.

Mzee Maher ndiye aliyekabiliana na suala la mifupa. Juu ya kaunta kuna taa ya zamani ya gesi, na kwenye taa hiyo imening'inizwa mifupa ya kidari cha bata mzinga, ile yenye umbo la panda, ambayo Wamarekani huivuta wawili kwa kutakia bahati. Simulizi ya nyumba inasema iliwekwa na vijana waliokuwa wakienda Vita Kuu ya Kwanza, kila mmoja baada ya mlo wake wa kuaga, na kwamba aliyerudi aliondoa wake. Iliyobaki ni ya wasiorudi. Mitchell aliandika kwamba ni Mzee John aliyekuwa na mazoea ya kuihifadhi mifupa ya sikukuu, na huenda yote mawili ni kweli. Vumbi lilikuwa limeifunika hadi kila mmoja ukaonekana umevaa manyoya ya kijivu. Mwaka 2011 mkaguzi wa afya wa jiji akataka vumbi hilo liondoke. Maher hakumtuma mtu. Alipanda ngazi mwenyewe, akaishusha mmoja mmoja, akaifuta na kuirudisha ilipokuwa, isipokuwa ile iliyosagika mkononi mwake.

Binti yake, Teresa, alianza kuhudumu kaunta mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo tangu Mzee John afungue mlango. Baba yake hakumwomba aahidi kusubiri Jumapili. Mwaka 2012 mtaa mzima ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria, hivyo uso wa jengo sasa unalindwa na sheria pamoja na desturi. Kinachobaki mikononi mwa familia ni yale ambayo sheria haiwezi kuandika: maranda ya asubuhi, moto wa jiko, na kukataa kuongeza kinywaji cha tatu kwenye orodha.

Ukibahatika kufika New York, nenda siku ya kazi mchana, kabla umati wa jioni haujaingia. Keti chumba cha mbele. Agiza nyeusi kwanza, na sahani ya jibini, na usiionee haya haradali. Kisha simama na glasi yako uzisome kuta taratibu, maana nyuso nyingi zilizomo humo hazimo katika kitabu chochote, na wahudumu wakiona una nia watakuambia nani ni nani.