Upepo ulioandikwa daftarini

Kila ifikapo miezi ya Juni, Julai na Agosti, mashua ndogo za matanga hutoka katika bandari za Nieuwpoort na Ostend, nchini Ubelgiji, zikaambaa na pwani. Ni safari za starehe. Watu huchukua chakula chao, hutweka tanga asubuhi na kurejea kabla ya jua kuchwa. Hata hivyo, kabla ya kung'oa nanga, nahodha husikiliza kwanza utabiri wa hali ya hewa. Chimbuko mojawapo la desturi hiyo liko mbali na ufukwe, katika mji wa Brussels, kwenye Saint-Josse-ten-Noode, manispaa ndogo kuliko zote nchini Ubelgiji kwa eneo.

Hapo ndipo kilipojengwa kituo cha kuchunguza nyota, kilichoidhinishwa mwaka 1826 na Mfalme William wa Kwanza wa Uholanzi, wakati Ubelgiji ilipokuwa ingali chini ya utawala wake. Mkurugenzi wake alikuwa Adolphe Quetelet, mwanahisabati mzaliwa wa Ghent. Quetelet hakutazama nyota peke yake. Alipima joto na mvua, na hata aliandika siku ambazo maua huchanua. Aliamini kwamba jambo lionekanalo kuwa la bahati nasibu hudhihirisha kanuni yake likihesabiwa mara nyingi.

Ng'ambo ya Atlantiki, afisa wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Maury, alikuwa na imani kama hiyo. Ajali ya gari la farasi mwaka 1839 ilimlemaza mguu, na baadaye akakabidhiwa ghala la ramani na vifaa vya meli. Humo alikuta madaftari ya safari za zamani, akayachambua, na kuanzia mwaka 1847 akatoa ramani za pepo na mikondo ya bahari. Tatizo lilikuwa moja: kila taifa liliandika kwa namna yake.

Ndipo tarehe 23 Agosti mwaka 1853 wajumbe wa mataifa 10 walipokutana Brussels, Quetelet akiwa mwenyekiti. Walipoagana tarehe 8 Septemba, walikuwa wamekubaliana juu ya namna moja ya kuandika upepo, joto na mgandamizo wa hewa baharini.

Mwaka uliofuata Uingereza iliunda idara ya hali ya hewa chini ya Robert FitzRoy. Mwezi Oktoba mwaka 1859 dhoruba iliizamisha meli ya Royal Charter kwenye pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Mwaka 1861 FitzRoy alianza kupeleka maonyo ya dhoruba bandarini kwa simu ya maandishi.

Katika mkutano ule wa Brussels hakukuwa na mjumbe kutoka pwani ya Waswahili wala Oman. Lakini ujuzi wa pepo haukuanzia Ulaya. Mwishoni mwa karne ya 15, Ahmad ibn Majid, bingwa wa safari za bahari kutoka Julfar, alikwishaandika juu ya nyota na misimu ya Bahari ya Hindi. Majahazi yalishuka Zanzibar na Mombasa kwa kaskazi na kurudi Arabuni kwa kusi. Kijana alijifunza usukani ubavuni mwa baba yake, akazijua matlai na tanga mbili pasipo kushika kalamu. Udhaifu wa elimu hiyo ulikuwa kwamba sehemu yake kubwa ilikaa kifuani. Nahodha akizama, nayo ilizama naye.

Tarehe 18 Julai mwaka 2012, katika msimu wa kusi, meli ya abiria ya MV Skagit ilipinduka katika upepo mkali karibu na kisiwa cha Chumbe ikielekea Zanzibar, na watu wengi wakafa. Bahari ikichafuka, haimbagui mvuvi, msafiri wala mtalii.

Kituo cha Quetelet kilihamishiwa Uccle karibu na mwaka 1890, lakini jengo la zamani lingalipo Saint-Josse, na uwanja ulio mbele yake una jina lake. Hakuna bahari inayoonekana kutoka hapo. Funzo lake, hata hivyo, linafika hadi Lamu na Kilwa: anayeujua upepo na auandike, ili asiyeujua asiangamie.