Kiinua Mgongo na Wasiokipata

Fedha apewayo mtumishi anapoagana na kazi tunaiita kiinua mgongo. Katika msamiati wote wa ofisini sijaona neno lenye taswira nzito kuliko hili. Ndani yake yumo mtu aliyeinama miaka mingi, na kitu kinachomsaidia kunyooka. Taswira ni ya mkulima, lakini mlipwaji kwa desturi ni karani au mwalimu. Hapa Matamba, katika milima ya Makete, walioinama kwelikweli ni wanawake wa viazi na pareto, na hao hakuna mwajiri aliyewahi kuwaandika.

Si jambo geni. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya pensheni kwa wafanyakazi waliotimiza miaka 70. Dola hiyohiyo ilikuwa ikijitwalia nchi yetu, na mwaka 1898 ikaanza kutoza kodi ya kibanda katika koloni lake. Mzee wa kule alilipwa na serikali. Mzee wa huku alidaiwa nayo.

Kodi ilitaka fedha, na fedha zilikuwa mbali. Enzi ya Waingereza vijana wa wilaya ya Njombe walikwenda kukata mkonge Tanga. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwakusanya. Kwa wazazi waliobaki milimani, kijana ndiye aliyekuwa akiba na mkongojo. Sasa mkongojo huo ulikuwa na mkataba na mtu mwingine. Baadhi walirudi na blanketi na fedha kidogo. Wengine hawakurudi.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na UKIMWI. Makete iliumia mapema na iliumia sana. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliukuta mkoa wa Njombe ukiongoza nchini, asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na virusi. Bibi aliyetarajia kulishwa akarudia kulisha. Watoto wengi wa huku wamekua wakimwita bibi mtu aliyezifanya kazi zote za mama, na neno lenyewe likabeba mzigo ambao kamusi zetu hazijauandika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Zanzibar ilikwenda mbele: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkaazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza alifanya kazi gani. Waliiita Pensheni Jamii, jina zuri. Huku Bara TASAF huzisaidia kaya maskini, na msaada huo umewafaa wazee wengi. Lakini washairi mnijuzu: kulipwa kwa kuwa umezeeka na kusaidiwa kwa kuwa umethibitika maskini ni mambo mawili. La kwanza halimlazimu mtu kuyaanika matambara yake mbele ya kijiji.

Nilipostaafu, jirani yangu, mama mmoja aliyenizidi umri na mwenye wajukuu watatu nyumbani, alikuja kunipongeza. Niliitikiwa shikamoo yangu, akakaa, akautazama mgongo wangu kwa makini.

“Mwalimu,” akasema, “hicho kiinua mgongo wamekupa cha nini, nawe muda wote ulikuwa umesimama ubaoni?”