Makaratasi ya Watu Wasio na Ofisi

Ukiwauliza ndugu wa Uamsho makao makuu yao yako wapi, watakucheka. Hawana ofisi wala kadi ya uanachama, na wengi wamebaki katika makanisa yao yale yale, ya Kianglikana au Kipresbiteri. Sasa ushirika kama huo umevukaje mipaka na kudumu karibu miaka 100? Mimi nasema ni kwa sababu walikuwako watu wa kuandika.

Historia yake huanziwa Kampala, Septemba 1929, pale daktari Mwingereza Joe Church, aliyechoshwa na kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda, alipokutana na Simeoni Nsibambi kilimani Namirembe. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church hakuchaguliwa katibu na yeyote, lakini ukatibu aliufanya maisha yake yote: barua za kuzungusha kwa ndugu, shajara, picha, kumbukumbu za mikutano. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, na moto ukashika Kenya. Church alifariki 1989. Makaratasi yake yako Cambridge, na watafiti huyasoma.

Na hapa Kikopey? Mwaka huohuo wa 1929 alikufa mlowezi Galbraith Cole, mwenye shamba hili lote wakati huo, akazikwa papa hapa, Ziwa Elementaita likiwa chini yake. Huyo kaburi lake linajulikana.

Shangazi yangu alikuwa karani wa ushirika kwa zaidi ya miaka 40, bila mshahara. Jina silitaji, ndugu hawapendi kusifiwa. Daftari zake zinaonyesha nani alikaribisha ushirika wiki ile, harusi ya nani ilichangiwa magunia mangapi ya viazi, nani alipewa barua ya kumtambulisha kwa ndugu wa Nyeri. Pia wazee waliokataa kiapo cha Mau Mau miaka ya 1950, wengine wakauawa kwa ajili hiyo: ushuhuda wa jamaa zao ameuandika neno kwa neno.

Dhambi hakuandika hata moja, na watu hawa huungama mbele ya wote! Kila mahali pa ungamo ameandika tu, “Ametubu, tumeimba.” Mtafiti atasikitika. Mimi naona alijua kazi yake.

Daftari ziko kwenye sanduku la bati. Mbili zimeliwa na mchwa. Binamu zangu wanasema zichomwe, mzee mmoja wa ushirika anasema Mungu anazo nakala. Nimeanza kuzipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, nimefika 1971.