Ukuta Ulipokutana na Sakafu: Historia Fupi ya Skatingi Uhayani

Skatingi ni ule ukanda wa tailizi, mbao au saruji unaozunguka chumba pale ukuta unapoishia sakafuni. Wahaya wa zamani hawakuihitaji, na sababu yake ni nyepesi: nyumba yao haikuwa na ukuta. Mushonge uliezekwa nyasi kuanzia kileleni mpaka ardhini, kwa hiyo paa lenyewe ndilo lilikuwa ukuta. Chini kulikuwa na udongo ulioshindiliwa, na juu yake nyasi zilizokatwa na kutandazwa. Zikichakaa zilitolewa, zikaletwa mbichi. Hapo ukanda ungewekwa wapi, na kwa kazi gani?

Mwenye shaka afike Katuruka, kata ya Maruku, kwenye eneo linalohusishwa na Mukama Rugomora Mahe. Peter Schmidt alichimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Wengi huenda kwa ajili ya hicho chuma. Mimi naona hata nyumba ya nyasi iliyojengwa upya pale inafaa kutazamwa, hasa chini, pale nyasi zinapogusa ardhi bila kona yoyote.

Kona ililetwa na nyumba ya pembe nne, na pembe nne zilisukumwa sana na kahawa. Fedha ya kahawa ya miaka ya 1920, kisha ile ya miaka ya 1950 wakati chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikiwa kimeshaundwa, iligeuka mabati, matofali na saruji. Mtu aliyeuza vizuri alionekana kwa paa lake. Lakini kabla saruji haijamfikia kila mtu, wengi waliishi katikati: ukuta wa fito na udongo, sakafu ya udongo, na baina yake ufa.

Ufa huo haukuwa mtupu. Papasi, kupe laini waletao homa ya vipindi, hujificha mchana kwenye nyufa za sakafu na chini ya kuta, usiku wakatoka kunyonya damu ya waliolala. Tekenya naye, aliyevuka bahari kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872 na kufika pwani yetu kabla karne haijaisha, hupenda vumbi la sakafu ya namna hiyo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba skatingi ni pambo la wenye nazo. Sakafu ya niru, nyekundu au nyeusi, iliyopandishwa kidogo ukutani kama kiganja kimoja, ilikuwa afya. Ilifunga ufa, ikaruhusu maji na ufagio. Waliokosa saruji walipaka rangi nyeusi chini ya ukuta. Ilificha matope tu, mdudu alibaki.

Leo duka la vifaa litakuonyesha aina kibao. Bukoba mvua ni nyingi mno, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi tunapiga deki kwa ndoo nzima. Zile mbao za unga zinazoitwa MDF zitavimba. Mbao halisi ina mchwa wake. Bora tailizi ileile ya sakafuni, ikatwe vipande vya sentimita 10 hivi, ibandikwe baada ya sakafu kukauka, mstari wa maungio ukifuatana na wa chini. Kwenye kona fundi akate nyuzi 45. Akikwepa, utaona kila siku ukikaa kunywa chai.

Jambo moja zaidi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kubomoa maelfu ya nyumba. Kuta za matofali yaliyoungwa kwa udongo ziliporomoka. Nyingine zilisimama zikiwa na nyufa. Ukanda mpya unaweza kuzificha nyufa hizo vizuri sana, hata mnunuzi asizione. Kabla gundi haijapakwa, gonga plasta ya chini kwa mpini wa nyundo, chumba kizima. Ikilia tupu, ibomolewe kwanza, na ufa ukionekana umepanda juu, fundi wa tailizi arudi nyumbani, aitwe mwashi.