Kutoka vibarua wa reli hadi mafundi wenye vyeti: safari ya ufundi Kilosa na Mikumi

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa kwa kufuata bonde la Mkondoa, ikakamilika Kigoma mwaka 1914. Baadaye mkonge ukatanda Kimamba na Rudewa. Kazi hizo zilihitaji nguvu nyingi, na nguvu hizo zilikuwa za vibarua Waafrika: kubeba mataruma, kupasua mawe, kukata mkonge. Kusoma mchoro na kuendesha mtambo viliachiwa wachache, wengi wao wageni.

Pengo hilo halikuzibwa kwa siku moja. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uanagenzi. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1974, na Sheria Namba 1 ya mwaka 1994 ikaanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA.

Katika ukanda huu, ufundi ulipata pia msukumo kutoka kwa wapigania uhuru. Tanzania iliwapa wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, mjini Morogoro, mwaka 1977. Hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Mwaka 1982 wakaongezewa Dakawa, mpakani mwa Kilosa na Mvomero. Huko vijana walisoma ufundi huku wakijenga makazi yao wenyewe. Julai 1992 ANC iliyakabidhi maeneo yote mawili kwa Serikali ya Tanzania. Mazimbu ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Dakawa ikabaki na shule pamoja na chuo cha VETA. Elimu iliyoandaliwa kwa ajili ya ukombozi wa Afrika Kusini ikawa urithi wa watoto wa Morogoro.

Mikumi nayo ina chuo cha VETA, na mahali pake panafaa. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita hapo, hivyo malori hayakosi kuharibika. Hoteli za watalii wa Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, zinahitaji mafundi umeme na mabomba. Kusini yake kuna viwanda vya sukari vya Kilombero na mitambo ya umeme ya Kidatu. Mwanafunzi wa ufundi hapa hahitaji kuambiwa kazi iko wapi. Anaiona akiwa njiani kwenda karakana.

Ndiyo maana mahafali ya mafundi yanastahili shangwe ileile tunayowapa wahitimu wa kidato cha sita. Kwa miaka mingi wazazi wengi wameiona VETA kama kimbilio la waliofeli. Fikra hiyo inawaumiza vijana na inakanushwa na mazingira yetu wenyewe. Treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024 inapenya mahandaki manne katika milima ya Kilosa, na usalama wa abiria wake unategemea watu wanaojua waya, chuma na zege. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeuingiza mkondo wa amali katika sekondari. Ufundi sasa ni chaguo la tangu kidato cha kwanza.

Hata hivyo, cheti pekee hakifungui gereji. Mhitimu anahitaji spana, mashine ya kuchomelea, kipima umeme na mtaji wa kuanzia. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Vikundi vya wahitimu wa ufundi vipewe kipaumbele, na zabuni ndogo za kukarabati madarasa na zahanati ziwafikie. Babu zao waliijenga reli bila kufundishwa kuiendesha. Wajukuu wamefundishwa, sasa wapewe kazi.