Waridi na bogenvilia: Usiinyweshe maji sawa

KUPANDA waridi na bogenvilia bega kwa bega, kisha kuinywesha maji sawa, ni kosa. Mimea hii miwili hudumu miaka mingi na yote ina miiba, lakini mahitaji yake hayafanani.

Waridi hustawi penye ubaridi. Ndiyo maana mashamba makubwa ya maua hayo yako Timau, kwenye miinuko ya Mlima Kenya. Lahitaji udongo wenye rutuba usiotuamisha maji, jua la angalau saa sita kwa siku na maji ya kutosha kila wiki. Mwagilia shinani asubuhi wala si majanini, kwa kuwa unyevu huleta ukungu na madoa meusi. Lipogoe kabla ya mvua za Machi.

Bogenvilia, yenye asili ya Amerika Kusini, hupenda joto na jua la kutwa. Barafu ya alfajiri huiunguza, ilhali nyanda kavu za Mbeere huifaa. Ikishashika mizizi, huvumilia kiangazi. Maji na mbolea vikizidi, hutoa matawi na majani, maua yakawa haba. Ipogoe baada ya kuchanua.

Basi familia inayonunua maji kwa mitungi Januari na Februari isijitwike mzigo wa waridi kuzunguka boma zima. Mashina mawili karibu na mlango yatatosha, nayo bogenvilia ipewe ua.