Mwanafunzi wa atachimenti, faili unayoipanga ni haki ya mtu

Kila ufikapo mwezi wa Aprili simu yangu huanza kulia. Mzazi mmoja ana binti anayesomea stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi, mwengine ana kijana aliye mwaka wa pili katika chuo cha kiufundi, na ombi lao ni moja: "Huna mtu unayemjua katika kampuni kubwa amsaidie mtoto apate atachimenti?" Wiki mbili baada ya nafasi kupatikana, simu hulia tena. Mara hii ni mtoto mwenyewe: "Ami, hawanifunzi chochote. Kutwa kucha napanga mafaili."

Simlaumu, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2003. Nataka leo nieleze jinsi atachimenti ya idara ya wafanyakazi inavyokwenda katika kampuni kubwa, na kwa nini sasa naamini kwamba kazi ile ya mafaili ndiyo somo lenyewe. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Anayevukuta yuko karibu na moto, na asipofumba macho ataona chuma kinavyopinda.

Atachimenti ni nini

Atachimenti ni sehemu ya masomo. Chuo humtoa mwanafunzi akafanye kazi halisi, mara nyingi kwa miezi mitatu, kisha humpa alama. Ni tofauti na uanagenzi unaotangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, ambao ni wa vijana waliokwisha hitimu na hulipwa posho. Mwanafunzi wa atachimenti asitegemee mshahara. Kampuni nyingine humpa nauli au chakula cha mchana, nyingine hazimpi kitu. Kwa hivyo mzazi ahesabu mapema nauli ya kila siku, hasa kama kijana atatoka Kwale au Kilifi kuingia Mombasa.

Hata hivyo mwanafunzi asiingie kazini kinyonge kama mtu aliyeokotwa njiani. Waajiri nchini hutozwa ada ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na ada hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Kufundisha vijana kazini ni jambo linalotambuliwa na sheria, si sadaka ya meneja.

Kupata nafasi

Huku kwetu Pwani waajiri wakubwa ni bandari na kampuni za mizigo, mahoteli, viwanda vya saruji, viwanda vya maeneo ya EPZ, mahospitali na serikali za kaunti. Kila mmoja huwa na idara ya wafanyakazi. Peleka maombi miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe yako, wala usingoje mpaka chuo kifunge. Beba barua ya chuo, wasifu wako, nakala ya kitambulisho na matokeo ya mitihani. Kampuni nyingi huitisha pia bima ya ajali ya mwanafunzi, kwa hivyo uliza chuoni kwanza kama umekatiwa.

Na akitokea mtu wa kukuambia utoe elfu kadhaa ili jina lako liingizwe, huyo ni tapeli au ni mla rushwa. Usimpe.

Kazi utakazozikuta

Kazi ya kwanza ni mafaili. Katika faili ya mfanyakazi mna barua ya ajira, nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya NSSF, usajili wa SHA, vyeti, majina ya jamaa wa karibu, fomu za likizo na barua za onyo kama zipo. Isome moja kuanzia mwanzo hadi mwisho na utakuwa umesoma maisha ya mtu kazini.

Ya pili ni likizo na mahudhurio. Hapa ndipo Sheria ya Ajira ya 2007 inapoacha kuwa maandishi ya daftarini. Mfanyakazi ana haki ya siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12. Akiugua, baada ya miezi miwili ya utumishi, hupata angalau siku 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Mama aliyejifungua hupata miezi mitatu, na baba hupata wiki mbili. Ukikuta baba anadhani zile wiki mbili ni hisani ya msimamizi, mweleze.

Ya tatu ni mishahara. Hata kama hutaruhusiwa kugusa kompyuta ya malipo, jifunze kusoma makato. Kwa viwango vya 2025, mtu wa mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 1,800 za NSSF ambazo ni asilimia 6, shilingi 825 za bima ya afya ya SHA ambazo ni asilimia 2.75, na shilingi 450 za ada ya nyumba ambazo ni asilimia 1.5. Hizo ni shilingi 3,075 kabla hatujafika kwenye kodi ya PAYE. Mwajiri naye huongeza fungu lake kwenye NSSF na ada ya nyumba. Tena sheria hairuhusu makato yote pamoja, mikopo ikiwemo, kuzidi theluthi mbili za mshahara. Lazima mtu abakiwe na theluthi moja ya kula na wanawe.

Ya nne ni vibarua, na hapa Pwani ni wengi kweli kweli. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu kwa jumla, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kawaida mwenye haki ya notisi. Ndiyo maana daftari la vibarua lina uzito. Tarehe moja ikirukwa, mtu anaweza kupoteza haki yake bila mwenyewe kujua.

Ya tano ni nidhamu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au utendaji mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama katika kikao hicho. Lugha anayoifahamu! Nimeona barua za Kiingereza kizito akipewa mtunza bustani ambaye hakuvuka darasa la nne. Ukiombwa umtafsirie, tafsiri neno kwa neno, usipunguze makali wala usiyaongeze.

Faili mbili za mtu mmoja

Sasa nirudi 2003. Nilikuwa na miaka 22 na nilipata atachimenti katika kampuni kubwa ya mahoteli ambayo sitaitaja. Biashara ilikuwa imeanguka. Novemba 2002 magaidi walikuwa wamelipua hoteli ya Paradise kule Kikambala, na Mei 2003 serikali ya Uingereza ikasimamisha ndege zake kuja Kenya. Vyumba vilikuwa vitupu. Mimi nikapewa chumba cha nyuma kilichojaa mafaili ya vumbi na amri moja: panga kwa alfabeti.

Wiki ya tatu bosi wangu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alinipa karatasi nipige chapa. Ilikuwa orodha ya watakaopunguzwa. Jina la sita lilikuwa la mpishi, jirani yetu, mzee tuliyekuwa tukisali safu moja alfajiri.

Siku zile zile mzee yule alikuwa akiezeka nyumba yake. Tukitoka msikitini hunishika bega na kunihesabia mabati aliyoyachukua kwa mkopo dukani. Mimi nikitazama chini. Nilikaa na siri ile siku tisa, na mate hayakunipita kooni.

Siku ya kumi nilimwendea bosi nikamweleza yote. Aliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema sijamwambia. Akasema, "Vyema, mwanangu. Ungemwambia yeye mmoja, jioni orodha ingekuwa sokoni, na wale ambao bado tunawapigania majina yao yatoke wangekuwa wameshalia kwa bure. Lakini umefanya jambo la maana kuja kwangu. Barua zimechelewa mno." Barua zilitolewa wiki ile ile.

Lililonibadilisha mimi lilitokea katikati. Nikiwa bado napanga mafaili, nilifika kwenye herufi O nikakuta faili nyembamba, ya zamani, yenye picha ya kijana mwenye masharubu. Macho niliyajua. Alikuwa ni yule yule mpishi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa njia mbili, kama wanavyoandika wengine Athman na wengine Othman. Faili nene ya herufi A ilisema aliajiriwa 1996. Hii nyembamba ilisema 1989. Na malipo ya kuachishwa kazi yalikuwa yakihesabiwa kwa miaka ya utumishi. Miaka saba ya jasho la jikoni ilikuwa imelala kwenye vumbi kwa sababu ya herufi moja.

Nilimpelekea bosi faili zote mbili. Alilinganisha nambari ya kitambulisho, akatazama saini, akavua miwani. Kisha akaandika upya hesabu ya yule mzee kwa mkono wake.

Mzee alipoteza kazi, lakini miaka yake yote ilihesabiwa. Alipojua kwamba nilikuwa nimeiona orodha, aliniambia neno moja tu: "Ulijua, mpwa wangu, ukanyamaza." Hakunisemesha mpaka mfungo uliofuata. Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sijui kama lipo jibu ambalo lingemridhisha.

Leo kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka anayepunguzwa kazi, au chama chake, pamoja na afisa wa leba, wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Anayepunguzwa hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Fanya hesabu mwenyewe: miaka 7 ni mshahara wa siku 105. Hiyo ndiyo thamani ya faili moja iliyowekwa mahali pake.

Majina yetu, siri zetu

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Pwani, una faida ambayo mgeni hana. Wewe unajua kwamba Mohamed na Muhammad huenda ni mtu mmoja. Unajua kuwa wengine huandika jina la babu na wengine huliacha, na kwamba mwanamke aliyeandikwa Mwanaisha kazini huenda kitambulisho chake kinasema Aisha. Kila unapokuta jina halifanani kati ya kitambulisho, NSSF na faili ya kazi, andika pembeni na umwonyeshe msimamizi. Usilirekebishe mwenyewe. Mtu akistaafu au akifariki, tofauti hizo ndizo huwarudisha wajane nyumbani mikono mitupu.

La pili ni siri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika ofisi hiyo kata ni wewe. Utajua nani anadaiwa, nani mgonjwa, nani ana barua ya onyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari hizo, na kabla yake ilikuwa ni amana kwetu. Usipige picha faili kwa simu, usitume chochote kwa WhatsApp, usizungumze barazani. Likikulemea, mwendee msimamizi wako kama nilivyofanya, wala usiliegemeze kwa mtu mwengine.

Swala na mavazi

Wazazi huniuliza pia kuhusu hili. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe kazi wala asizuiwe kuingia taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Lakini haki huombwa kwa adabu na mapema. Siku ya kwanza mwambie msimamizi kwamba Ijumaa utahitaji muda wa swala, na kwamba utafidia dakika zako. Binti aulize utaratibu wa mavazi kabla hajashona sare. Penye kuzungumza mapema, ugomvi huwa nadra.

Kabla hujaondoka

Jaza kitabu chako cha kumbukumbu kila jioni, si usiku mmoja kabla ya mhadhiri kuja kukukagua. Usiandike "nilipanga mafaili". Andika ulipanga mangapi, ulikuta kasoro gani na zilitatuliwa vipi. Omba uketi kimya katika usaili mmoja na kikao kimoja cha nidhamu, kama wahusika wataridhia. Ukimaliza, omba barua inayotaja kazi ulizofanya.

Na atakayenipigia simu mwaka huu kuniambia kutwa anapanga mafaili, nitamuuliza swali moja: umeshafika herufi gani?